Tai Hapigi Mabawa: Safari ya Kilomita Mia Bila Injini

Mwaka jana nikiwa fildi kwenye shule moja ya sekondari Musoma Vijijini, nilipangiwa kidato cha pili, na mada mojawapo ilikuwa jinsi joto linavyosafiri hewani. Kipindi kilienda vizuri. Fasili niliiandika ubaoni kwa Kiingereza safi, mishale ya kupanda na kushuka nikaichora kwa chaki za rangi, wanafunzi wakanakili. Tulipotoka nje, binti mmoja akanionyesha vilima vya miamba nyuma ya shule. "Mwalimu, samahani. Wale tai mbona wanazunguka tu bila kupiga mabawa, na hawaanguki?"

Nikajibu harakaharaka, kama mtu anayejua: mifupa yao ni myepesi, ina uwazi ndani. Mvulana aliyekuwa pembeni yake akauliza, "Na kuku je?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikajifanya nimeitwa ofisini.

Mimi ni mtu wa Murangi. Ndege hao nimewatazama tangu nikiwa nachunga mbuzi, na sikuwahi kujiuliza. Kilichoniuma si kukosa jibu, maana kila mwalimu hukosa jibu siku moja. Kilichoniuma ni kwamba jibu lilikuwa ubaoni. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe dakika ishirini kabla, kwa lugha ya mtihani, na sikulitambua lilipokuwa linaelea juu ya kichwa changu. Niliporudi chuoni nilianza kusoma, na nikagundua kwamba wanaoweza kulieleza vizuri kuliko vitabu vyangu vya jiografia ni watu wanaoruka kwa paraglaida.

Paraglaida ni bawa la kitambaa linalofanana na mwavuli wa askari wa miavuli, ila hili limeshonwa liwe na umbo la bawa kweli, refu na jembamba, lenye vyumba vinavyojaa hewa kwa mbele. Rubani anakaa kwenye kiti kilichoning'inia kwa kamba nyembamba. Hakuna injini, hakuna fremu ya chuma. Kitu chote kinaingia kwenye begi la mgongoni. Anakimbia hatua chache kwenye mteremko, bawa linajaa, anaondoka. Wengi huishia kuteleza dakika kumi hadi bondeni. Lakini wapo wanaoondoka asubuhi na kutua jioni wakiwa wamevuka kilomita mia na zaidi, tena juu ya milima ambayo hawajawahi kuikanyaga. Mwaka 2021 huko Texas, Marekani, rubani mmoja alivuka zaidi ya kilomita 600 kwa siku moja. Sijawahi kuruka, niseme ukweli, na kwa bei ya kifaa kipya hata mkikusanya bumu la chumba kizima bado mtakopa. Ninachokieleza hapa nimekisoma na kukipigia hesabu.

Tuanze na jambo ambalo lilinishangaza. Paraglaida haipandi. Haipandi kamwe. Tangu inapoondoka mpaka inapotua, inashuka ndani ya hewa iliyoizunguka, kiasi cha mita moja hivi kila sekunde. Tumbusi naye, akitandaza mabawa bila kuyapiga, anashuka vilevile. Siri ni kwamba hewa yenyewe inaweza kuwa inapanda. Ukishuka ngazi mita moja kwa sekunde huku ngazi yote inainuliwa mita tatu kwa sekunde, unakwenda juu mita mbili kwa sekunde ingawa miguu yako inashuka. Kwa mwendo huo, kupata urefu wa mita 1,400 ni sekunde 700, yaani dakika kumi na mbili hivi za kuzunguka tu mahali pamoja. Ndiyo ile mizunguko aliyoiona yule binti. Tai hachezi na wala hatafuti mzoga kwa wakati huo. Yuko kwenye lifti.

Lifti hiyo inaendeshwa na jua, lakini si moja kwa moja. Jua halipashi hewa joto sana likipita ndani yake, linapasha ardhi. Ardhi ndiyo inayopasha hewa iliyoigusa. Mwamba mtupu, shamba lililolimwa na kukauka, bati la paa, kifusi, hivi hupata moto haraka. Msitu, mpunga na maji huchelewa. Kwa hiyo hewa iliyolala juu ya mwamba inakuwa nyepesi kuliko ya jirani yake, inang'oka, inapanda. Shule ya msingi tuliikariri kama myuko, tukaendelea na maisha. Ukitaka kuiona kwa macho, ni kile kisulisuli kinachozoa vumbi na mifuko ya plastiki uwanjani saa sita mchana. Vumbi limekuonyesha tu mguu wa kitu ambacho kichwa chake kiko kilomita moja au mbili juu.

Hewa hiyo ikipanda inapoa, karibu nyuzi kumi za Selsiasi kwa kila kilomita moja, mpaka inapofikia ubaridi wa kugeuza mvuke wake kuwa matone. Hapo ndipo wingu linapozaliwa: lile jeupe, la kichwa cha koliflawa, lenye tumbo bapa kama limekatwa kwa kisu. Tumbo ni bapa kwa sababu mvuke unaanza kugeuka matone kwenye urefu uleule. Kwa rubani wa paraglaida kila wingu la namna hiyo ni kibao cha barabarani kinachosema chini yangu kuna kitu kinapanda, au kilikuwa kinapanda dakika chache zilizopita. Wingu linalochakaa pembeni na kumeguka ni la lifti iliyokwisha zimwa. Kulifuata hilo ni kupanga foleni kwenye duka lililofungwa.

Sasa tuchukue mahali halisi. Afrika Mashariki, eneo linalojulikana zaidi kwa marubani hawa ni Iten, Kenya, mji uleule wa wakimbiaji, kwenye ukingo wa Elgeyo. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukisimama ukingoni, ardhi mbele yako inadondoka zaidi ya mita elfu moja mpaka sakafu ya Bonde la Kerio. Ng'ambo ya bonde unaona milima ya Tugen, na juu yake mji wa Kabarnet. Kati ya Desemba na Machi wageni kutoka Ulaya hujaa hapo na mabegi yao makubwa, wakikimbia baridi ya kwao.

Kwa nini pale? Ukuta wa Elgeyo unatazama mashariki. Jua likichomoza tu, linaupiga uso mzima, wakati sakafu ya bonde bado haijaamka. Hewa ya ukutani inapata joto mapema na kuanza kuukwea mwamba. Na miezi hiyo upepo ni ile kaskazi ambayo watu wa pwani wanaijua, unatoka pande za mashariki na kuja kugonga ukuta, ukikosa pa kwenda isipokuwa juu. Vitu viwili, jua na upepo, vinasukuma upande mmoja. Rubani akiondoka Iten katikati ya asubuhi anaweza kufuata ukingo kuelekea kaskazini kilomita nyingi bila hata kuzunguka sana, ukuta ukiwa kama reli.

Shida inaanza akitaka kuvuka bonde.

Kutoka Iten hadi Kabarnet ni kama kilomita 30 kwa mstari mnyoofu. Bawa la kawaida, kwenye hewa iliyotulia, linasonga mbele mita tisa hivi kwa kila mita moja linayoshuka. Piga hesabu: kilomita 30 ukigawa kwa tisa unapata zaidi ya kilomita tatu za urefu. Tuseme umepanda vizuri juu ya Iten ukafika mita 3,800 kutoka usawa wa bahari. Ukitoa hizo mita 3,300, utafika ng'ambo ukiwa mita 500 tu juu ya bahari, wakati sakafu ya bonde yenyewe iko juu ya mita elfu moja. Yaani karatasi inasema utatua chini ya ardhi. Maana yake ni kwamba utakuwa umekaa kichakani kwenye joto la Kerio, begi mgongoni, muda mrefu kabla ya kufika Tugen.

Kwa hiyo lazima upate lifti nyingine katikati ya bonde, mahali usipopajua. Na hapa ndipo nilipoanza kuheshimu mchezo huu. Mwenyeji wa Iten anajua kilima gani kinatoa hewa saa tano na kipi saa nane. Mgeni hana kumbukumbu hiyo. Ana kifaa kidogo kinachoitwa variomita, kinacholia kwa haraka hewa ikipanda na kuguna ikishuka, ana GPS, lakini vyote hivyo vinamwambia mahali alipo tu. Havimwambii mahali anakokwenda. Kwa huko anategemea sababu: jua liko wapi, linapiga mteremko upi, mteremko huo ni mwamba au msitu, upepo unatoka wapi, ukanda wa kijani wa mto umepita wapi ili auepuke, wingu lipi linakua na lipi linakufa. Kama hajui mlima, basi ajue kwa nini mlima wowote unatoa hewa.

Kuna mtego mmoja wa Kerio ambao niliuchora kwenye daftari mara tatu ndipo ukaniingia. Mchana ukisonga, jua linahamia magharibi. Ukuta wa Elgeyo uliokubeba asubuhi unaingia kivulini, na sasa ni miteremko ya Tugen inayotazama magharibi ndiyo inapata jua. Basi unaweza kusema, vizuri, nivuke pamoja na jua. Lakini upepo bado unatoka mashariki. Upande wenye jua wa Tugen ndio upande wa nyuma, uliojificha nyuma ya mlima dhidi ya upepo. Hewa inayovuka kileleni na kudondokea huko nyuma haishuki kwa adabu. Inajiviringisha, kama maji nyuma ya jiwe kubwa mtoni. Bawa la kitambaa likiingia humo linaweza kukunjika upande mmoja. Mara nyingi hufunguka lenyewe, au rubani hulifungua kwa kuvuta kamba, akiwa na urefu wa kutosha. Ndiyo maana kila mmoja hubeba mwavuli wa akiba kitini. Yaani jua linakuita upande uleule ambao upepo unakufukuza. Ukiwa dhaifu upepo, unasikiliza jua. Ukiwa na nguvu, unakaa mbali na mlima, hata kama variomita inaguna.

Na wakati wote huo kuna swali moja linalotakiwa kuwa na jibu kila dakika: nikikosa lifti sasa hivi, natua wapi? Si wapi ningependa kutua. Wapi naweza kufika kwa urefu nilio nao, nikishindana na upepo huu. Juu ya mashamba jibu ni rahisi. Juu ya msitu mnene au korongo jembamba linaweza lisiwepo, na rubani mwenye akili haingii hapo hata kama wingu linapendeza namna gani. Wanaotua salama lakini mbali na barabara nao wana habari zao: saa nne za kutembea, chupa moja ya maji, watoto thelathini nyuma.

Kwenye milima, hewa kupanda kupita kiasi nayo ni hatari. Februari 2007 huko Manilla, Australia, Ewa Wiśnierska, rubani wa Ujerumani, alikuwa kwenye mazoezi ya kujiandaa na mashindano ya dunia. Mawingu mawili ya radi yakaungana na kumnyonya. Kifaa chake kilirekodi mita 9,946, juu kuliko mlima Everest. Alipoteza fahamu kwa zaidi ya nusu saa, akarejea akiwa amefunikwa na barafu, bawa likiwa bado linaruka lenyewe, akatua hai. Rubani mwingine kutoka China aliyenaswa na dhoruba hiyohiyo alifariki. Sisi wa Ziwa Viktoria tunayajua mawingu ya namna hiyo. Mvua zetu za usiku na alfajiri, zenye radi zinazopasua masikio, hutokana na ziwa lililobaki na joto wakati nchi kavu imeshapoa, hewa ikapanda juu ya maji. Wavuvi wa dagaa hawahitaji fasili ya ubaoni kwa hilo.

Ziwa ndilo linaloeleza pia jambo nililoliona utotoni bila kulielewa. Mchana, tai wa Murangi walikuwa juu ya vilima na mashamba, hawakuwa wakizunguka juu ya maji. Mchana maji ni baridi kuliko nchi, kwa hiyo hewa juu yake haing'oki. Mjomba wangu alikuwa akisema upepo wa ziwani unaamka saa tano, na mitumbwi ya tanga ilijipanga kwa kauli yake. Upepo huo ni hewa baridi ya ziwani inayoingia kuziba nafasi ya hewa iliyopanda nchi kavu. Ukiingia, unaua lifti za karibu na ufuko na kuzisukuma ndani zaidi. Rubani wa paraglaida akiruka mkoani kwetu, hilo lingekuwa jambo la kwanza kuulizia, na wa kuulizwa angekuwa mvuvi.

Nimeacha jambo ninalolipenda zaidi hadi sasa kwa sababu linatokea jirani kabisa, Serengeti. Miaka ya mwanzo ya 1970 alikuwepo huko mwanabiolojia Mwingereza, Colin Pennycuick, aliyekuwa amefundisha Nairobi kabla ya kuhamia taasisi ya utafiti ya Serengeti. Alikuwa rubani pia. Alichukua ndege ndogo ya mabawa marefu yenye injini inayoweza kuzimwa angani, akapanda nayo katikati ya tumbusi, korongo na mwari, akazunguka nao kwenye lifti zao na kuwafuata wanakokwenda. Matokeo aliyachapisha mwaka 1972. Tumbusi wanaotaga kwenye majabali ya milima ya Gol huenda kutafuta makundi ya nyumbu yaliyo zaidi ya kilomita mia moja kutoka kiotani, na kurudi kulisha kinda. Kwa kupiga mabawa isingewezekana, chakula chote kingeishia njiani kama mafuta ya gari. Wanasubiri asubuhi jua lipate nguvu, wanapanda, wanateleza, wanapanda tena. Aliona kwamba penye mstari mrefu wa mawingu hawazunguki hata kidogo. Wanakwenda moja kwa moja chini yake, wakipunguza mwendo hewa inapowainua na kuongeza mwendo inapowashusha. Alipima safari ya namna hiyo yenye wastani wa karibu kilomita 47 kwa saa, kituo hadi kituo.

Na tumbusi hatafuti peke yake. Anamtazama mwenzake aliye kilomita kadhaa pembeni: yule akianza kupanda, huku kunajulikana kwamba kule kuna lifti, na yule akidondoka ghafla, kunajulikana kwamba kule kuna nyama. Marubani wa Iten wanafanya vivyo hivyo. Wakiona tai anazunguka mbele wanakwenda chini yake, na mara nyingi ndege naye akiona wamepanda vizuri kuliko yeye huja kwao.

Kabla ya kuandika makala hii nimemtumia mwalimu wa jiografia wa shule ile ujumbe mrefu, nikamwomba awasomee watoto wangu wa kidato cha pili, ambao sasa wako cha tatu. Wa kwanza ni wa binti. Nimemwambia tai anaanguka muda wote, ila anaanguka polepole ndani ya hewa inayopanda kwa haraka zaidi, na hewa hiyo inapashwa moto na yale mawe ya nyuma ya shule. Mifupa myepesi inasaidia lakini si jibu. Nimemwomba awahesabu saa mbili asubuhi, halafu saa tano, siku ya jua na siku ya mawingu mazito, aandike.

Wa pili ni wa mvulana wa kuku. Swali lake lilikuwa zuri kuliko nilivyomwonyesha siku ile, na nimemwambia hivyo. Tumbusi mkubwa ana kilo saba hivi, lakini mabawa yake yakitandazwa hupita mita mbili, kwa hiyo kila kilo imetandikiwa bawa pana la kuilalia. Kuku ana bawa dogo kwa mwili wake na misuli ya kupiga kwa nguvu sekunde chache, inamtosha kufika mtini akikimbizwa. Akiwekwa ndani ya lifti ya hewa na kutandaza mabawa, hewa ingepanda, na yeye angeshuka kwa haraka kuliko inavyopanda. Angetua salama, kwa kelele nyingi.